Kiu ya Kifaranga

Alois Mtewele alimnusa shemeji yake saa nne asubuhi, katikati ya stendi ya Makambako, mbele ya wapigadebe saba, mama wawili wauza ndizi na abiria mmoja aliyekuwa ameshakaa kiti cha mbele akisubiri kwenda Njombe. Wala haikuwa ile ya kunusana kwa bahati mbaya kwenye foleni. Alimshika ukosi wa koti, akainama, akavuta pumzi ndefu kwa matundu yote mawili ya pua, kama mama anayekagua samaki wa juzi.

"Petroli," akasema.

Ukweli, na tuuseme mapema ili tusisumbuane huko mbele, ni kwamba koti lile halikuwa na petroli hata ya dawa. Lilinuka moshi wa kuni, jasho la juzi na sabuni ya kipande. Pua ya Alois ilizipata harufu zote tatu na kumletea taarifa kamili. Mdomo ndio ulioamua kusema ya kwake.

Silvesta, mwenye koti, ni mdogo wa Hilda, mke wa Alois, kijana wa Matembwe mwenye miaka ishirini na sita na leseni isiyo na doa. Alilitazama koti lake kama vile limegeuka nyoka.

"Petroli gani, shemeji?"

"Lita sita kila siku, Silvesta. Nimepiga hesabu. Zinakwenda wapi?"

Hesabu ilikuwa ya Alois kabisa. Alifundisha hisabati shule za msingi miaka thelathini na miwili, akastaafu, akanunua kagari kadogo ka njano ambako mkewe alikabatiza Kifaranga. Muuzaji alimwapia kwamba kainjini kale hakafiki sisi elfu moja za ujazo, na kwamba lita moja inakwenda kilomita ishirini, "ukiendesha kistaarabu". Njombe na Makambako, kwenda na kurudi mara mbili, ni kama kilomita mia mbili na arobaini. Gawanya kwa ishirini, unapata kumi na mbili. Lakini Kifaranga alikuwa anakunywa kumi na nane. Kwa mwalimu wa hisabati, baki ya sita lazima iwe na mwenyewe.

"Wewe ndiye unayeshika usukani," Alois akaendelea, sasa kwa sauti ya darasani. "Mimi sishiki. Hilda hashiki. Toa mimi, toa Hilda, anabaki nani?"

"Kumbe ndiyo maana huyu hanywi soda," akadakia Romani, mpigadebe mwenye ulimi kama wembe mpya. "Ana chake cha kunyonya. Mrija!"

Stendi nzima ikacheka. Hata abiria wa kiti cha mbele alicheka, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Lete ufunguo," akasema Alois.

Silvesta alitoa ufunguo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa nauli za safari ya kwanza, noti na sarafu, mpaka ile ya mia iliyojificha kwenye pindo, akaziweka zote juu ya boneti.

"Abiria wako ameshakaa," akasema. "Usimcheleweshe."

Akaondoka kwa miguu, akielekea Lyamkena, kwa mama yake mdogo Dorika. Kabla hajapita kibanda cha chipsi, jina la Silvesta lilikuwa limekwisha kusahaulika stendi nzima.

Jioni ile Njombe kulikuwa na baridi ya Juni, ile inayomfanya mtu azungumze na jiko la mkaa kama ndugu yake. Hilda aliweka sahani tatu mezani.

"Mbili zinatosha," akasema Alois.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Makambako. Nimemsimamisha. Alikuwa ananyonya mafuta."

Hilda aliketi taratibu. Ni mwanamke asiyepandisha sauti, na ndiyo maana watu humwogopa.

"Ulimkamata na mpira?"

"Hapana."

"Na dumu?"

"Nilimnusa. Koti lilikuwa linanuka petroli."

"Ulimnusa wapi?"

"Kwenye ukosi."

"Nauliza mahali, baba Lightness."

Alois alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Stendi."

"Mbele za watu."

"Walikuwepo watu, ndiyo. Stendi siyo jangwa."

Hilda alinyanyuka, akaenda kile chumba cha uani alikokuwa analala Silvesta. Blanketi lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe. Juu ya msumari lilining'inia taulo, na chini yake pea ya ndala zilizopangwa kama za mgeni. Miezi minane alikaa pale, akachanja kuni bila kuambiwa. Hilda alirudi mezani, akaiondoa sahani ya tatu, akaenda kuiosha ingawa ilikuwa safi.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, kama kila siku, Alois alitoka na koti juu ya pajama, akawasha Kifaranga, akarudi ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yake ya kwanza kabla ya ile ya kanisani. "Gari ni kama binadamu," alizoea kusema, "huwezi kumwamsha na kumtuma hapohapo." Basi Kifaranga akanguruma uani, kwanza giza, kisha mwanga, huku mwenye mali akinyoa ndevu, akisali, akinywa chai, akisikiliza taarifa ya habari. Saa moja na nusu nzima gari linakwenda bila kwenda. Majirani hawakuhitaji jogoo.

Silvesta aliwahi kumwambia, mwezi wa kwanza tu wa kazi: "Shemeji, dakika moja inatosha. Moto mwingine litaupata njiani, ukienda nalo polepole."

"Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Kidato cha pili."

"Basi usimfundishe mwalimu."

Silvesta hakurudia tena. Ndivyo wanavyokuwa watu waliofugwa na shukrani, wanaona moto unawaka na wanakwambia kamwene, habari za asubuhi.

Alois sasa alishika usukani mwenyewe. Kwanza alimpeleka Kifaranga kwa mchomeleaji, akawekewa vikuku viwili kwenye mfuniko wa tenki na kufuli la shaba, kubwa kiasi cha kufungia ghala la pareto. Ufunguo aliutia kwenye kamba, akauvaa shingoni pamoja na wa sanduku la sadaka, maana ni mzee wa kanisa pale usharikani. Alitembea funguo zikilia njalinjali kama kengele ya mbuzi kiongozi.

Wiki ya kwanza mafuta yakashuka vilevile.

Alikagua kufuli. Zima. Akalala chini ya gari na tochi kutafuta tundu. Kavu. Wiki ya pili akaendesha kistaarabu mpaka baiskeli zikampita. Lita kumi na nane. Siku moja kumi na tisa. Toa Silvesta, toa Hilda, anabaki nani? Ile hesabu aliyoipigia kelele stendi ilirudi usiku na mchana na jibu moja, na jibu lilikuwa limevaa ufunguo shingoni.

Mtu mwingine angesema yaishe. Lakini Hilda alikuwa ameuliza mara moja tu, akiwa anamenya viazi, bila kuinua macho: "Mafuta sasa yanatosha?"

"Kabisa," akajibu Alois. "Kumi na mbili kamili. Si nilikwambia?"

Kisu cha Hilda kilisimama, kisha kikaendelea. Ganda la kiazi lilitoka refu, bila kukatika.

Tangu hapo ikabidi uongo ulishwe. Hilda ndiye aliyekuwa akimpa fedha za mafuta asubuhi, naye sasa alimpa za lita kumi na mbili, kama alivyosema mwenyewe. Zile sita Alois alizinunua mchana, kwa pensheni yake, kwenye kidumu cha mafuta ya kupikia, akakificha nyuma ya magunia ya mahindi stoo. Mkewe akienda shambani au kwenye kikundi cha akina mama, mzee wa kanisa alinyata, akafungua kufuli, akamimina kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli, akitazama huku na huku. Duniani kuna wezi wa kila aina, lakini mwizi anayeiba kwa kuingiza, huyo nadhani alikuwa peke yake wilaya nzima.

Jumapili ya meza ya Bwana alimwambia mchungaji kwamba tumbo linamsumbua. Akapitisha kikapu cha sadaka, ufunguo ukilia shingoni, akatoka nje kabla ya mkate.

Makambako nako Silvesta alikuwa akijifunza maana ya jina jipya.

Alikwenda kwa Elius, mwenye magari matatu ya abiria, mtu aliyewahi kumsifu kwamba anakata kona kama anabeba mayai. Elius alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, na Silvesta akajua palepale kwamba kazi hakuna. Mtu wa kuajiriwa haagiziwi chai.

"Mimi mwenyewe siamini," akasema Elius. "Lakini mdogo wangu, nikikupa gari leo, kesho geji ikishuka kidogo nitakutazama. Nitakutazama tu. Na wewe utaniona ninavyokutazama. Tutaishije?"

Mwisho alipata pikipiki ya mfanyabiashara mmoja wa mbao, ya kuleta hesabu kila jioni, mafuta juu yake. Alijipanga kijiwe cha stendi na wenzake. Hao hawakuwa wabaya, walikuwa watani tu, na utani ukirudiwa kila siku unakuwa sheria. Alipopita katikati ya pikipiki, kila mmoja aliweka kiganja juu ya mfuniko wa tenki lake. Walifanya hivyo kwa pamoja, kama kwaya.

"Mrija, kiu imekushika saa hizi?" Romani alizoea kuuliza.

Silvesta alicheka nao siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alicheka kidogo tu, baadaye akawa anazungukia nyuma ya vibanda.

Ijumaa ya wiki ya tatu Alois alipeleka gari kwa fundi Basil, gereji ya uchochoroni hapohapo Makambako. Alisema anataka kubadili oili. Basil, mwanamume mfupi mwenye kucha nyeusi na subira ndefu, alizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi ya mbele.

"Mwalimu, hizi umezijaza upepo au umezipulizia?"

"Nilisema zipunguzwe. Mgongo wangu. Zikijaa zinarukaruka."

"Tairi laini kwako ni mto, kwa injini ni tope." Basil alinyoosha kidole juu. "Na hili keria, bado tu?"

"La magunia ya parachichi. Ijumaa na Jumanne."

"Na siku nyingine?"

"Linakaa tu."

"Linakaa na upepo. Kagari kenyewe kama kiberiti, halafu umekavika kitanda kichwani." Alipiga jeki gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono. Lilizunguka nusu, likasimama likilalamika. "Breki inashika. Hili gari linapanda mlima hata likiwa linashuka."

Alois alifuta vumbi kwenye kioo cha pembeni. Alitamani fundi aishie hapo, lakini fundi ameshashika mdundo, utamzuia na nini.

"Na hayo yote ni cha mtoto. Kubwa ni themostati."

"Haina themostati."

"Ndiyo nasema. Si uliniamuru niitoe mwezi wa kumi na moja? Ilipochemka pale mlimani na watu sita na magunia juu? Nikakwambia, mwalimu, imechemka kwa sababu umesahau maji. Ukaniambia shemeji wa jirani yako wa Dar amesema huko wote wanatoa. Nikasema Dar ni Dar. Ukaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi."

Alois alikumbuka. Basil alisema la saba.

"Ile kitu ni mlango wa maji," Basil akaendelea, akifuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono. "Injini ikiwa baridi, mlango unafunga, maji yanapata moto upesi. Umeung'oa mlango. Sasa kwa baridi ya Njombe, hii injini siku nzima inadhani ndiyo kwanza imeamka. Na injini iliyoamka sasa hivi huongezewa petroli, kama mtoto anayeongezewa uji. Hata ukiiacha ingurume uani mpaka adhuhuri, haipati moto. Inakunywa tu. Sijui kama huwa unaiacha."

Alois aliingiza kichwa dirishani.

"Kwa hiyo," akasema Alois, akitazama geji ya joto iliyolala chini kama mlevi, "mtu anaweza kupoteza lita ngapi kwa mambo haya yote?"

"Tano. Sita. Wewe ndiye mwalimu."

Alois alitazama mlango wa gereji. "Basil, haya mazungumzo ni ya mimi na wewe."

"Mimi mdomo wangu umefungwa," akasema Basil. "Lakini yule kijana alipita hapa wiki iliyopita akaniuliza, nami nikamjibu. Alikuwa anataka kujua tu. Hakutaka nimwambie mtu."

Oili haikubadilishwa. Themostati haikurudishwa pia, kwa sababu ambayo aibu peke yake ndiyo inaielewa: gari likipona, ugonjwa utajulikana ulikuwa upi.

Jumamosi asubuhi Alois alikuwa stoo ameinama nyuma ya magunia aliposikia kikohozi. Hilda alisimama mlangoni na jembe begani. Alikuwa amerudi kufuata chumvi.

"Hicho kidumu cha nini?"

"Mafuta."

"Ya kula?"

Alois alisimama. Hilda aliweka jembe chini, akamsogelea mumewe polepole, akashika ukosi wa koti lake, akainama, akanusa. Kwa matundu yote mawili.

"Petroli," akasema. "Sasa wewe, baba Lightness, nikunuse mbele ya nani? Tuite majirani?"

Akaambiwa yote. Yaani karibu yote. Tairi, keria, breki, themostati, kule kunguruma kwa alfajiri, lita sita za magendo. Alois alieleza kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akirukaruka. Kuhusu koti alisema tu: "Nilikosea." Hilda alisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia.

"Nitampigia simu leo," akamalizia Alois. "Nitamwomba radhi. Namrudishia kazi. Nitamtumia na kitu kidogo."

"Ulimnusa kwa simu?"

"Hapana."

"Basi." Hilda alijifunga kitenge upya. "Ulimvulia nguo stendi, huwezi kumvalisha sebuleni. Washa gari. Na usiliache lingurume, napanda sasa hivi."

Kidumu kilibaki stoo. Hilda alikitazama, Alois akakitazama, na hakuna aliyekuwa na uso wa kukishika. Geji ilionyesha kidogo juu ya mstari mwekundu. Alois alipiga hesabu kimyakimya: lita tatu na ushee, mara ishirini, sitini na kitu. Inatosha kufika. Hata baada ya yote yale, mzee yule alimwamini muuzaji.

Wakaondoka. Mashamba ya chai yakapita, misitu ya misonobari ikapita, magunia ya viazi kando ya barabara yakapita, keria likipiga mluzi juu ya vichwa vyao. Walipouona mji, Kifaranga alikohoa mara mbili, akatetemeka, akanyamaza.

"Limezima," akasema Hilda.

"Naona."

"Mafuta?"

Alois alilaza paji la uso kwenye usukani.

Wakashuka wakasukuma, mwalimu mlangoni akishika usukani kwa mkono mmoja, mkewe nyuma. Siku zote Kifaranga aliitwa mwepesi. Kwa tairi laini na breki inayoshika, siku hiyo alikuwa ng'ombe asiyetaka kuuzwa. Waliingia stendi wametota jasho, na stendi, ambayo haina kazi nyingine zaidi ya kutazama, ikatazama.

"Mwalimu, nani amekunywa leo?" akauliza Romani. "Maana Mrija yuko hapa tangu asubuhi, mimi shahidi."

Silvesta alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake. Alimwona dada yake, kitenge kimelowa mgongoni, viatu vina tope. Akashuka.

"Dada, kamwene. Pole."

"Nimepoa, mdogo wangu."

Hakumsalimu Alois. Wala hakumtukana. Alilitazama gari, akalitazama jua, akauliza wenzake: "Nani ana mpira?"

Romani alichomoa mpira kutoka ndani ya koti, umekunjwa vizuri kama mkanda wa kanisani. Silvesta akaomba kidumu kwa mama wa ndizi, akafungua tenki la pikipiki yake, akaingiza mpira, akaweka mdomo, akavuta.

Alivuta kama mtu anayevuta soda. Petroli ilimjaa mdomoni, nyingine ikapita kooni, nyingine ikamwagika kifuani. Akautupa mpira, akakohoa mpaka magoti yakagusa ardhi, machozi yakimtoka, mate yakining'inia. Hilda alimshika mgongo. Mama wa ndizi alileta maji. Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha, kwa sababu alijikuta anacheka peke yake.

"Hivyo sivyo," akasema Romani kwa hasira ya fundi anayeona kazi inaharibiwa. Akaokota mpira, akauzamisha, akavuta kidogo tu, akaubana kwa kidole gumba kabla tone halijamfikia mdomoni, akaushusha kwenye kidumu. Petroli ikatiririka kama bomba la mji. Hakudondosha hata tone.

Akainua macho, akakuta stendi nzima inamwangalia yeye.

"Mnaniangalia nini? Niliona mtu akifanya."

Lita mbili na nusu zikaingia kidumuni. Alois alipokea, akaenda kwenye tenki, na hapo ikabidi mbele ya wote avue kamba shingoni, achague ufunguo, afungue lile kufuli la ghala. Hakuna aliyesema lolote kuhusu kufuli. Ingekuwa afadhali waseme.

Akamimina. Akaingia, akawasha, Kifaranga akaitika. Alois aliliacha lingurume, kwa mazoea au kwa woga, akashuka, akasimama karibu na mlango akitafuta pa kuanzia. Silvesta, midomo imevimba na kuwa myekundu, alipitisha mkono dirishani akazima ufunguo.

"Zima kwanza, shemeji. Ukiwa na la kusema, usiliseme huku gari linakunywa."

Basi Alois akasema. Sauti yake ya darasani haikuja. Alisema kuhusu themostati, na tairi, na keria, na saa moja na nusu ya kila alfajiri. Alisema lita sita alizinywa yeye. Watu walisogea ili wasikie.

"Hayo Basil ameshaniambia," akasema Silvesta. "Mimi nasubiri la koti."

Akajifungua zipu, akashika ukosi, akausogeza mpaka chini ya kidevu cha Alois.

"Nusa."

Alois alinusa. Ilikuwa petroli, kali, ya kupasua kichwa.

"Na siku ile?"

Sufuria ya chipsi ilisikika ikichemka. Hilda alikuwa akimtazama mumewe kwa utulivu wa mtu anayejua jibu, na jibu alilolijua lilikuwa lile la stoo, kwamba mtu amekosea. Alois aliona anaweza kulitumia. Nilidhani. Pua za uzee. Lilikuwepo palepale, limeshapikwa, la kuchukua tu.

"Siku ile lilinuka moshi," akasema. "Moshi na sabuni."

"Ukasema nini?"

"Nikasema petroli."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nimeshainama. Watu walikuwa wanatazama. Ningeinuka nikasema hakuna kitu, ningeonekana mjinga." Akautazama ukosi wa koti. "Nikaona heri wewe."

Silvesta alifunga zipu yake mpaka juu. Hakutikisa kichwa, hakutoa mkono. Alikaa juu ya pikipiki, akatema mate pembeni, akayafuta kwa kiatu.

"Nilidhani ulikosea," akasema Hilda. Sauti ileile, isiyopanda. "Tangu asubuhi nasukuma gari nikidhani nimeolewa na mtu aliyekosea."

Akachukua mkoba wake kiti cha mbele, akaufunga mlango kwa upole, akapanda nyuma ya mdogo wake.

"Nalala kwa mama mdogo. Sijui mpaka lini. Kidumu kiko stoo, unajua kilipo."

Pikipiki ikaondoka kuelekea Lyamkena, taratibu, kama imebeba mayai. Ilipopita kijiweni, hakuna kiganja kilichofunika tenki.

Alois alibaki amesimama. Lita mbili na nusu, mtu mmoja, keria juu. Hakupiga hesabu. Nyuma yake wapigadebe walianza kunong'ona, wakabishana kidogo, wakacheka, maana stendi haiwezi kukaa bila jina la mtu, na lile la zamani lilikuwa limekwisha muda wake. Kisha Romani, ambaye alikuwa na haraka ya kuwatafutia watu kitu kingine cha kutazama, akapaza sauti:

"Pua! Mwalimu Pua! Njombe mmoja huyu hapa, ana begi dogo. Unakwenda?"

Stendi ikangoja ione kama atageuka.

"Naam," Alois akaitika, akaenda kupokea begi.